Noti ya Chini Iliyogoma

Jumatatu, 3 Machi

Wifi ameniambia mbele ya mwanafunzi wake kwamba muziki wangu unafanana na simu ya ofisi ukiambiwa subiri. Mbele ya mtu! Mwanafunzi mwenyewe ni mzee mmoja mpima ardhi, mstaafu, vidole vinene kama vipini vya nyundo, anajifunza kinanda uzeeni. Akacheka. Akaniomba radhi. Akacheka tena.

Nilikuwa napita tu sebuleni kuchukua maji ya kunywa. Mlango wa chumba changu nimeuacha wazi, apejio inazunguka: do-mi-so, do-mi-so, inaruka fa-la-do, inaruka so-ti-re. Mchana kutwa nimeipanga. Wifi akainua kidole kumsimamisha mzee, akasikiliza, kichwa upande kama kuku, ndipo akatoa hukumu yake.

Nilijaza glasi mpaka ikamwagika.

Wakati wa chakula kaka akauliza apejio ni kitu gani hasa, maana anasikia neno hilo linarushwa humu ndani kama sahani. Nikamwambia: chukua noti tatu zinazopigwa pamoja, fungu moja. Lifungue. Zipige moja moja kwa kufuatana. Akatafuna kidogo. Akasema, kumbe ngazi. Kaka ni fundi wa lifti — kwake kila kitu kinapanda, kinashuka, au kimekwama. Akauliza, na unazipiga kwa mkono gani? Sizipigi, nikamwambia. Naandika kanuni, kompyuta inapiga.

Wifi alikuwa anapakua. Akasema taratibu, kama anayeongea na upawa: "Mhandisi hapigi. Mhandisi anaamuru."

Ndilo jina langu humu ndani. Mhandisi. Basi na yeye kwenye daftari hili ni Bi Do-Re-Mi, na ashukuru sijamchagulia baya zaidi.


Jumanne, 4 Machi

Tangazo limetoka! Karakana ya sauti ya chuo. Nafasi moja. Mwaka mzima, chumba chenye spika kumi na sita, na watu ambao huhitaji kuwaeleza mabano ya programu ni nini. Wanataka dakika tano za muziki, pamoja na programu yenyewe, mstari kwa mstari, wataisoma. Mwisho wa kutuma ni Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe 14.

Naitaka mpaka meno yanauma.

Na si kutaka tu. Mwisho wa Aprili chumba hiki kinageuka darasa la Bi Do-Re-Mi. Kaka aliniambia mwezi uliopita huku akiangalia viatu vyake. Wanafunzi wameongezeka, sebule haitoshi. Mimi nirudi kwa mama, ambako umeme unakuja ukipenda, na ambako kila shangazi atauliza ile shahada ya hesabu imenipa nini zaidi ya miwani. Chuo kina bweni. Nikipata, nahama na jina. Nisipopata, nahama na sanduku.

Siku kumi. Asubuhi ofisi ya maji, kukagua namba za mita. Mchana ni wangu. Mchana na ukuta huu wa mbao, na upande wa pili yeye na wanafunzi wake, do-re-mi-fa, do-re-mi-fa, kama mtu anayepanda ngazi akisahau kila mara alichofuata huko juu.


Alhamisi, 6 Machi

Naipenda lugha hii ya programu, yenye mabano kila mahali, kwa sababu haina adabu za uongo. Kila kitu ni orodha. Muziki ni orodha. Kanuni inayoubadilisha muziki nayo ni orodha. Ukifungua bano, lazima ulifunge. Laiti watu wangekuwa hivyo.

Lakini muziki hautoki. Nimeigeuza orodha kichwa chini. Nimeizungusha. Nimeongeza kasi. Nimeacha bahati ichague noti. Simu ya ofisi inayokimbia. Simu ya ofisi inayorudi nyuma. Simu ya ofisi iliyolewa.

Linaloniuma ni kwamba Bi Do-Re-Mi yuko sahihi. Kila fungu linaruka zima zima, noti zote tatu kwa pamoja, kama watu waliofungwa kamba moja. Nalisikia kosa. Sijui dawa yake. Nilisoma hesabu, sikusoma muziki. Hesabu yangu haina doa, na matokeo ni ya kutapisha.

Saa tisa akaingia. Bila hodi — au alipiga, nilikuwa na hedifoni. Mkononi kikombe cha chai. Akasimama nyuma yangu akiangalia kioo cha kompyuta.

"Nionyeshe basi hayo mabano yako, wifi."

"Yatakuchanganya."

"Nichanganyikiwe mimi, wewe inakuuma nini?"

"Itachukua muda. Sina muda."

Akaweka kikombe juu ya spika. Juu ya spika! "Haya," akasema, akatoka. Kikombe kimeacha duara jeupe ambalo halifutiki. Nimelisugua kwa kila kitu. Alifanya kusudi, naapa.

Chai nimeinywa. Ilikuwa na tangawizi.


Jumamosi, 8 Machi

Naandika haraka. Kuna kitu kimetokea.

Kwanza kosa. Kanuni yangu inapiga noti moja, kisha inajipangia miadi: baada ya robo ya sekunde ijiite tena yenyewe, ipige inayofuata. Haina mwisho. Ukitaka kuibadilisha, unaiandika upya hukohuko inakotembea, na inageuka bila kusimama. Lakini ukiianzisha mara ya pili wakati ya kwanza bado inakwenda, zinakuwa mbili. Zote zinajiita, tena kwa jina moja. Huwezi kuinyamazisha moja ukaiacha nyingine. Ni kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza.

Leo nimelifanya mimi. Nilikuwa nimeondoa mafungu yote nikabakisha do-mi-so peke yake, izunguke, nisikilize tatizo liko wapi. Upande wa pili mzee mpima ardhi yuko kwenye somo. Wifi akagonga ukuta. Mara tatu, kwa mpigo — hata kugonga anagonga kwa mpigo! Nikabonyeza kwa hasira, nadhani nazima. Nikaanzisha ya pili. Zikaanza kufukuzana, moja nyuma ya nyingine kidogo, chumba kizima kikawa kinachemka.

Ningeweza kuzizima zote kwa mstari mmoja. Sikuzizima. Nikaongeza sauti, nikavaa viatu, nikatoka kwa mlango wa nyuma. Acha afundishe humo. Dua la kuku halimpati mwewe.

Nilizunguka mitaa miwili. Nikanunua betri nisizozihitaji. Baada ya dakika arobaini hivi nikarudi, nikakutana na mzee getini anatoka. Shikamoo. Marahaba. Akasema, mwanangu, leo nyumba yenu imeingia nyuki. Alikuwa na furaha kabisa! Hakuna anayekasirika ninapotaka akasirike.

Nikaingia kwa nyuma. Ukumbini nikasimama.

Alikuwa peke yake kwenye kinanda, mgongo kwangu. Hakujua nimerudi. Zile apejio zangu mbili bado zinachemka nyuma ya mbao, do-mi-so, do-mi-so, na yeye anapiga juu yake. Polepole. Do-mi-so. Kisha kidole kimoja tu kikasogea: do-mi-la. Kisha kingine: do-fa-la. Hakuruka popote. Alihama kama mtu anayehama nyumba bila kuwaamsha watoto.

Kisha fungu la nne. Hapo kila mtu angeishusha do iende ti. Hata mimi naijua hiyo, imo kwenye kila wimbo duniani, na ni nusu hatua tu. La akaishusha kwenda so. Fa akaishusha kwenda re. Do akaiacha. Do-re-so. Ikakaa pale chini, kama mgeni aliyekaribishwa kiti akasema hapana, nasimama. Nikasisimka mpaka kisogoni.

Halafu do-mi-so. Amefika. Akaanza tena.

Simu ilikuwa mkononi mwangu. Sikumbuki kubonyeza kurekodi.

(Uongo. Nakumbuka.)


Jumapili, 9 Machi

Wameenda kumwona mama yake wifi, wote wawili. Nyumba yangu.

Nimesikiliza ile rekodi mara thelathini na kitu. Siri yake ni moja, na ni ndogo kiasi cha kukera: kila noti iende kwenye noti iliyo karibu nayo kuliko zote katika fungu linalofuata, bila mbili kugongana. Basi! Iliyomo tayari isisogee. Wiki nzima nimekuwa nikihamisha nyumba kwa kubomoa.

Nimeandika kanuni. Mistari kumi na mmoja. Nikaipa mafungu manne, ikayapanga yenyewe, nikayafungua kuwa apejio — na ilikuwa muziki. Nililia kidogo. Siandiki hilo mara mbili.

Isipokuwa fungu la nne. Kanuni ni tiifu, do inaishusha kwenda ti, maana ndiko karibu, na hapohapo uzuri unakufa. Unakuwa wimbo wa kawaida wa watu wa kawaida. Nimejaribu kuibembeleza kwa njia sita. Mwisho nikaandika kwa mkono: fungu likiwa la nne, ya chini isiguswe. Jozi moja ya mabano ya ziada. Kiraka kwenye suruali mpya.

Sijui kwa nini inafaa. Inafaa tu.

Na sijaiba kitu. Noti ni saba, hazina mwenyewe. Yeye alikuwa anapoteza muda wake kwenye kinanda. Mimi ndiye niliyeitoa kanuni humo. Mtu akiimba akioga hawezi kudai umiliki wa kila aliyepita dirishani. Tena alikuwa anapiga juu ya kazi yangu! Bila ruhusa!

Nimesoma tena niliyoandika. Nimefunga mabano yote.


Jumatano, 12 Machi

Leo wifi amemleta mzee mpima ardhi kupima chumba changu. Nikiwa ndani!

Kalikuja hodi kadogo ka adabu, kisha mzee mwenyewe, na futi ya chuma. Akasema, samahani binti, dakika mbili tu, mwalimu amesema niangalie kama kinanda kikubwa kitapita. Akapiga magoti akapima chini ya miguu yangu. Nikainua miguu kama mtoto. Akawa anasoma namba kwa sauti, na wifi mlangoni anaandika. Kitanda changu wamekiandika: "kikwazo, mita moja na ishirini."

"Aprili bado haijaisha," nikasema.

"Hakuna aliyesema imeisha."

"Basi ningengojewa nife kwanza, ndipo mpime."

Mzee akajikunja na futi yake, akajipitisha kati yetu, akatoka. Ndipo wifi akasema nimebadilika. Siku hizi siachii muziki usikike, kutwa hedifoni, kama mtu anayekula kwa kujificha. Tena mimi nalalamika kelele zake, nikamjaza nyuki sebuleni Jumamosi nzima — nyani haoni kundule!

Nilijua ninalotaka kusema. Nililiangalia kwanza, nikalipima, kama alivyofanya mzee. Nikalisema.

"Ungekuwa unajua muziki kweli, usingekuwa unafundisha wastaafu sebuleni."

Kaka alikuwa amesimama nyuma yake, ametoka kazini wakati huohuo, bado na mafuta ya mashine mikononi. Alisikia.

Wifi hakupaza sauti. Alisema tu, "Sawa, Mhandisi." Akaikunja ile karatasi ya vipimo mara nne, akaitia mfukoni.

Baadaye kaka akaja akakaa ukingoni mwa kikwazo cha moja na ishirini. Akasema anaishi kwenye lifti iliyokwama na watu wawili wanaogombania kitufe. Akasema, unajua wifi yako aliwahi kuomba chuo hichohicho? Sikujua. Kabla hawajaoana. Alifika kwenye usaili, wakamwambia ana sikio lakini hana maandishi, hajui kueleza anachofanya. Hakurudi tena.

Nikamwambia kaka anikome. Akanikoma.


Ijumaa, 14 Machi

Nimetuma saa tano asubuhi, kutoka ofisi ya maji.

Kwenye fomu kuna kisanduku: "Nathibitisha kuwa kazi hii, muziki na programu, ni yangu peke yangu." Nikaweka alama. Nikarudi kwenye namba za mita.


Jumamosi, 22 Machi

Hakuna jibu. Bi Do-Re-Mi hanisemeshi. Raha tupu!

Chai naipika mwenyewe. Inatoka mbaya.


Jumanne, 1 Aprili

Nilidhani ni mzaha wa tarehe. Si mzaha. Tumebaki wawili! Usaili ni Jumatano ya wiki ijayo, saa nne. Nije na laptop. Nitapiga mbele ya jopo, na watanitaka nibadilishe programu ikiwa inatembea.

Mwishoni mwa barua pepe kuna sentensi moja ambayo ningependa isingekuwepo: "Tumevutiwa hasa na fungu la nne."

Kaka alinibeba mzimamzima mpaka kichwa kikagusa taa. Wifi akatoka jikoni akifuta mikono. Wiki tatu hatujaongea.

"Hongera, wifi."

"Ahsante."

"Tutausikia lini huo wimbo?"

"Ukikamilika."

"Si umeshautuma?"

Nikasema bado kuna marekebisho. Aliniangalia kwa muda wa fungu zima, mapigo manne, nilihesabu. Kisha akarudi jikoni. Anajua kitu? Hajui. Angejua angesema. Watu wa aina yake husema.

Lakini yeye husema nini hasa? Nimepitia daftari hili. Kuna simu ya ofisi, kuna Mhandisi. Mengine mengi nimesema mimi.

Sitaki kufikiria hilo wiki hii.


Jumapili, 6 Aprili

Nimeazima kitabu cha nadharia ya muziki kwa mwenzangu wa ofisini. Kurasa mia tatu. Ukurasa wa arobaini unasema do ishuke ti. Wa tisini unasema do ishuke ti. Hakuna mahali kinaposema iachwe, au kama papo, pameandikwa kwa lugha ambayo sijafika.

Nimebuni majibu matatu. La kwanza ni la hesabu na ni uongo mtupu. La pili, "ni hisia." La tatu refu sana, natumaini watachoka kabla sijafika mwisho.

Upande wa pili wa mbao mtu mmoja analijua jibu. Umbali wa mkono. Nikigonga tu.

Leo mchana nimekuta blauzi yangu ya bluu imetundikwa kwenye kitasa cha mlango, imepigwa pasi, kola imekaa kama karatasi. Sijamwomba. Sijui anataka nini. Nimeitundua, nimeikalia makusudi. Kisha nimeinuka, nimeipiga pasi upya mwenyewe. Haikukaa vile.


Jumatano, 9 Aprili

Niko kwenye korido ya chuo. Benchi la mbao, saa ya ukutani, mlango wa kijani. Wamenitoa nje nusu saa. Naandika kwa sababu mikono isipoandika itafanya jambo jingine.

Ilianza vizuri. Ilianza vizuri mno! Watu watatu mezani: mwenyekiti, mama mwenye nywele fupi za mvi; bwana mmoja msimamizi wa spika, asiyesema kitu; na mwalimu kijana anayeandika. Nikapiga. Spika kumi na sita — apejio inapita nyuma ya kichwa chako kama mtu anayetafuta funguo gizani. Wakasema punguza kasi bila kusimamisha. Nikapunguza. Ongeza fungu. Nikaongeza, kanuni ikalipokea. Yule wa spika akatabasamu kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimeshahamia bwenini. Nilikuwa nimeshatundika nguo.

Kisha mwenyekiti akachukua karatasi yenye programu yangu. Ameipigia mstari kwa kalamu ya risasi.

"Kanuni yako inasema kila noti iende karibu. Nzuri, fupi, safi. Halafu hapa, kwenye la nne, umeizuia kwa mkono. Ya chini isiguswe. Kwa nini?"

Nikatoa jibu la kwanza, la hesabu. Akaliacha lipite kama mtu anayempisha ng'ombe njiani.

"Hiyo ni sababu ya kanuni. Nauliza sababu ya kuivunja."

Nikasema ni hisia.

"Binti, huu ndio mstari wa mtu anayejua muziki. Hii mingine kumi na mmoja ni ya mtu anayejua programu. Nataka kumsikia huyu wa mstari mmoja."

Nikaangalia ule mstari wa kalamu ya risasi.

Hakukasirika. Ndiyo mbaya zaidi. Akasema mwombaji mwenzangu aingie kwanza, mimi nikapumue nusu saa. Nikirudi niwaambie kwa nini do imebaki, kisha niandike hapohapo fungu la tano linalofuata sababu hiyo hiyo. Hilo huwezi kulidanganya. Fungu la tano ama linatoka pale au halitoki.

Dakika ishirini na tano.

Nimefikiri kurudi nyumbani. Nimefikiri kusema laptop imeharibika. Nimefikiri juu ya kisanduku kile na alama yangu ndani yake.

Dakika ishirini na mbili. Nimemwandikia wifi. Sikuanza na salamu. "Fungu likiwa do-fa-la, linalofuata ni la so, kwa nini do ya chini isishuke ti?"

Akajibu upesi. Nadhani yuko kati ya masomo.

"Kawaida inashuka. Wimbo gani?"

"Wowote. Kwa jumla."

"Hakuna kwa jumla, wifi. Inategemea kuna nini kingine kinalia. Nitumie nisikie."

Nitumie nisikie!

Ninayo kazi niliyoituma chuoni. Na ninayo ile rekodi ya ukumbini, yeye na kinanda, dakika sita, hata anapokohoa inasikika. Nikimtumia ya chuoni, atajisikia mwenyewe ndani yake kabla ya fungu la nne kuisha, ana sikio. Nikimtumia rekodi, hatahitaji hata sikio.

Dakika kumi na saba. Yule wa spika amepita kwenda msalani, akanionyesha dole gumba.

Nimefikiria jina nililompa humu. Nimetafuta hasira, ile ya Jumatatu ya kwanza, imara, ya kuegemea. Ipo. Lakini nikiiegemea inarudi nyuma.

Dakika kumi na tano. Nimezituma zote mbili. Kwanza yangu, kisha yake. Chini yake nimeandika: "Nimo kwenye usaili. Wananiuliza na sijui." Nikafuta. Nikaandika tena, nikaongeza: "Niliandika ni yangu peke yangu." Nikabonyeza kabla mkono haujawa na akili.

Zimepokelewa.

Dakika kumi na mbili. Kumi. Hakuna kitu. Mwenzangu ndani anapiga kitu chenye ngoma nyingi, sakafu inatetemeka.

Nane. Amezisikiliza. Zote mbili, alama zimegeuka bluu.

Sita. Bado.

Tano. Ameleta ujumbe wa sauti. Wa dakika nne na sekunde kumi. Sijaubonyeza. Mtu hatukani kwa dakika nne na sekunde kumi. Au hutukana?

Nimebonyeza. Kwanza kimya, na nyuma sauti ya mzee akiambiwa asubiri kidogo. Kisha yeye, karibu sana na simu:

"Kumbe siku ile ulikuwa umerudi."

Nimesimamisha hapo, sekunde ya kumi na tisa, maana mlango wa kijani umefunguka na mwenzangu anatoka, uso umelowa jasho, anacheka. Karani ametoa kichwa. Dada, karibu, wanakusubiri.

Nimemwambia bado nasikiliza.

Anasema jopo halingojei. Nimemwambia naomba dakika nne, wifi yangu anaongea — akaniangalia kama mwehu, na nimeweka simu sikioni, na naandika kwa mkono mmoja huku yeye ameshika mlango wazi, na ndani mwenyekiti anauliza kwa sauti, nani anaongea?